Vigingi vya Kanam: Nafsi na Majina katika Maandishi ya Kisayansi juu ya Homa Bay na Migori

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuishughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na katika miaka ya karibuni fasihi simulizi pia. Lakini maandishi ya kisayansi tumewaachia wenyewe wanasayansi, kana kwamba hayana msimulizi, hayana wahusika, wala hayana mtindo wa kuhakikiwa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kuyaacha hivyo ni kosa, na kwamba kosa hilo lina hasara yake. Mfano tulioteua ni machapisho ya zamani yanayohusu mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyanza, yaani nchi ambayo tangu mwaka 2013 imo katika kaunti za Homa Bay na Migori.

Msomaji anayeingia maktaba kuyatafuta machapisho hayo hukutana na kikwazo cha kwanza kabla hajafungua kitabu hata kimoja. Akitafuta jina la Migori katika orodha, atapewa taarifa za utawala, za dhahabu na za kilimo cha miwa na tumbaku. Hatapewa maandishi ya Felix Oswald juu ya Karungu, ingawa Karungu imo Migori, kwa sababu maandishi hayo yamepangwa chini ya Afrika Mashariki ya Kiingereza na chini ya Victoria Nyanza. Nchi hii imeitwa Kavirondo ya Kusini, ikaitwa Nyanza ya Kusini, na kila jina lilipobadilika kadi za zamani zilibaki na jina lake. Mtu asiyejua historia ya utawala wa kikoloni hawezi kuyafikia maandishi yaliyoandikwa juu ya shamba la babu yake.

Oswald alikuwa mwanajiolojia. Mwaka 1911 alitumwa kwa niaba ya jumba la makumbusho la Uingereza kutafuta visukuku huko Karungu, ambako maafisa wa serikali walikuwa wamekwisha kupata mifupa ya mnyama wa jamii ya tembo, mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini. Matokeo ya safari yake yametufikia kwa sura mbili. Ya kwanza ni makala ndefu ya mwaka 1914 katika jarida la chama cha wanajiolojia wa London, inayoeleza matabaka ya Nira na Kachuku moja baada ya jingine. Ya pili ni kitabu cha safari cha mwaka 1915, ambacho kichwa chake kinasema kwamba mwandishi alikuwa peke yake katika nchi ya malale.

Neno hilo “peke yake” linastahili kutazamwa. Msafiri wa zama zile hakubeba hema lake mwenyewe, wala sanduku la mawe, wala maji ya kunywa. Visukuku vya Karungu vilitoka mwambaoni juu ya mabega ya watu. Kwa hiyo upweke anaoutaja Oswald si wa idadi ya watu bali ni wa cheo: aliyekuwa peke yake ni Mzungu. Tungeliona jambo hili katika riwaya, tungelisema mara moja kwamba msimulizi haaminiki, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliandika insha juu yake. Kwa kuwa limo katika kitabu cha mwanasayansi, tumelipita tu. Hata hivyo tusimwonee Oswald. Kitabu chake cha safari, pamoja na kichwa chake hicho, kina watu ndani yake. Makala yake ya 1914 ndiyo isiyo na mtu. Kadiri maandishi yanavyopanda daraja ya kitaalamu ndivyo wachimbaji na wapagazi wanavyopungua, hata inabaki ardhi peke yake na kitenzi katika kauli ya kutendwa.

Itasemwa kwamba hivyo ndivyo sayansi inavyotakiwa kuandikwa, na kwamba jina la mpagazi haliongezi chochote katika umri wa jiwe. Hoja hii ina nguvu. Lakini kuna kisa kimoja, tena cha papo hapo Homa Bay, kinachoonyesha kwamba kuwasahau watu kunaweza kuiharibu sayansi yenyewe.

Tarehe 29 Machi 1932, huko Kanam, chini ya mlima Homa, msaidizi wa Louis Leakey aitwaye Juma Gitau alipata kipande cha taya katika bonge gumu la udongo. Leakey aliamini kwamba taya hilo lilikuwa la binadamu wa kale sana kupita wote waliojulikana wakati ule wanaofanana nasi. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakayachunguza masalia ya Kanam na ya Kanjera, wakayapokea kwa heshima. Na katika kitabu chake cha 1935 Leakey akalipa taya hilo jina la Homo kanamensis. Mwaka huo huo profesa wa jiolojia P. G. H. Boswell alifika Kanam kuona kwa macho yake. Barua yake ilitolewa katika jarida la Nature la tarehe 9 Machi 1935. Ni fupi, ni baridi, na ilimwumiza Leakey kwa miaka mingi. Boswell anaeleza kwamba haikuwezekana kupaona mahali hasa palipotoka taya. Kwamba mahali hapo hapakutiwa alama ardhini wala katika ramani. Na kwamba picha iliyoonyeshwa London pamoja na taya ilikuwa, kwa makosa, picha ya mahali pengine.

Leakey alijitetea kwamba alama zilikuwapo. Alikuwa amekita vigingi vya chuma, lakini wenyeji waliving'oa ili wavifanye vyombo vya kuvulia samaki.

Tusimame hapa kwenye vigingi. Katika mabishano yote haya, kama yanavyosimuliwa na kurudiwa vitabuni, hapa ni karibu mahali pekee ambapo watu wa Kanam wanaonekana wakiwa watendaji wa kitenzi. Kabla ya hapo ardhi ni tupu. Baada ya hapo ni tupu tena. Wanaingia mara moja, wanang'oa vigingi, wanatoka. Tena wanaingia bila jina, kwa wingi, kama wezi wa katika hadithi za watoto. Simulizi hilo halitwambii kama wenye ardhi walielezwa maana ya vyuma hivyo. Halitwambii kama mzee yeyote wa hapo aliombwa kukumbuka korongo walimochimba wageni miaka mitatu tu iliyopita. Mtu wa mwambaoni ambaye huliita kila korongo kwa jina, na ambaye mbuzi wake hulishia humo, ni shahidi bora kuliko kigingi. Na kigingi cha chuma kisicho na mwenyewe, mbele ya mvuvi, ni chuma tu. Boswell alidai ushahidi wa mahali. Ushahidi huo ulikuwa ukiishi pale pale, ukizungumza Dholuo, na mtindo wa uandishi wa pande zote mbili haukuwa na nafasi ya kuutia.

Sisemi kwamba mzee wa Kanam angeliokoa hoja ya Leakey. Utafiti uliofuata umeelekea kuonyesha kwamba taya lile si la kale kiasi alichodai, na mafuvu ya Kanjera nayo yameonekana kuwa ya baadaye kuliko tabaka yalimookotwa. Lakini jambo hilo lingejulikana mapema zaidi, na kwa aibu ndogo zaidi.

Sasa tugeukie majina, maana hapa mwanaisimu ana kazi kuliko mwanajiolojia. Kilatini cha sayansi kina njia mbili za kuunda jina la spishi zinazotuhusu: kiishio -i, kinachoonyesha umiliki wa mtu, na kiishio -ensis, kinachoonyesha mahali. Tembo wa Karungu mwaka 1911 alipewa jina la hobleyi, kwa heshima ya afisa wa serikali C. W. Hobley. Mnyama mdogo wa huko huko, Myohyrax, mwaka 1914 aliitwa oswaldi. Mabwana walipata -i. Wenyeji walipata -ensis, yaani waliingia kama ardhi. Naye msomaji ajuaye Dholuo ataona kichekesho katika kanamensis, kwa kuwa Ka- mwanzoni mwa majina mengi ya nchi hii, kama vile Karachuonyo na Kanyamkago, huelekeza kwenye makao ya mtu au ya ukoo. Kilatini kimeongeza alama ya mahali juu ya jina lililokwisha kubeba alama ya mahali. Jina hilo lilitumika tena mwaka 1958 kwa nguruwe wa kale, Nyanzachoerus kanamensis, na huko limedumu vizuri kuliko kwa binadamu.

Mabadiliko yalikuja polepole. Fuvu maarufu aliloliona Mary Leakey kisiwani Rusinga mwaka 1948 lilihesabiwa katika jenasi ya Proconsul, jina lililobuniwa mwaka 1933 kwa mzaha juu ya sokwe wa maonyesho aliyeitwa Consul. Mwaka 1993 spishi moja ya Rusinga iliitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, msaidizi wa Leakey wa miaka mingi: hatimaye mchimbaji Mwafrika akapata -i. Na mwaka 2015 kundi la wataalamu, wakiwamo Wakenya Fredrick Manthi na Emma Mbua, lilitenga masalia ya Rusinga na Mfangano katika jenasi mpya, wakaiita Ekembo, neno la Kisuba. Kwa hiyo Ekembo heseloni ni jina la Kisuba na la Mkenya, likiwa limevaa Kilatini mwishoni tu. Ningelifurahia kabisa, lau Kisuba chenyewe kisingekuwa kinawatoka watoto wa visiwa hivyo na nafasi yake kuchukuliwa na Dholuo, kama Rottland na Okombo walivyoonyesha mwaka 1992. Neno limeingia katika majarida ya dunia nzima wakati linapotoka midomoni mwa wenyewe.

Pengine itadhaniwa kwamba nchi hii haikuwa na njia ya kuchapa habari zake katika lugha yake. Sivyo. Gendia, karibu na Kendu Bay, mashariki ya mlima ule ule wa Homa, misheni ya Waadventista iliyoanzishwa mwaka 1906 ilipata mtambo wa kupiga chapa kunako mwaka 1913, na mkuu wake, Carscallen, akaandika sarufi ya Dholuo. Oswald alipokuwa akisahihisha makala yake kwa ajili ya London, herufi za Dholuo zilikuwa zikipangwa Gendia. Zilipangwa kwa ajili ya dini na shule. Habari za mawe na mifupa hazikufika huko, na hakuna aliyeona kwamba zinawahusu wasomaji wale.

Nimejaribu kuifasiri habari ya Kanam kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi, nikakwama kwenye kitenzi cha kwanza. Vitabu vyetu vya shule hupenda kusema kwamba masalia “yalipatikana”. Umbo hilo ni la hatari, kwa sababu, tofauti na “yaliokotwa”, halimngoji mtendaji, masikio hayaulizi “na nani?” Kiingereza cha Boswell, pamoja na ubaridi wake wote, huacha nafasi hiyo wazi, na mfasiri wa Kiswahili anaweza kuifunga bila kujua. Hatimaye niliandika hivi: “Tarehe 29 Machi 1932 Juma Gitau alikuwa akichimba Kanam, akaona meno katika bonge la udongo.” Mwenzangu mmoja wa idara aliisoma akasema kwamba haisikiki kama sayansi.