Juu ya Vitabu vya Lafcadio Hearn vya Habari za Wajapani

Huenda msomaji akastaajabu kukuta katika kurasa zetu habari za mtu aliyeandika juu ya Wajapani, maana nchi ile i mbali nasi. Walakini kazi aliyoifanya Lafcadio Hearn ndiyo hii hii tuifanyayo sisi waalimu kila tuketipo mbele ya mzee na kalamu mkononi. Basi tumeona vema kuvipima vitabu vyake, kwa kuwa wako waliomsifu kupita kiasi, na wako waliomdharau, na pande zote mbili twaona hazikumtendea haki.

Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama yake Myunani, baba yake daktari wa jeshi la Kiingereza, mtu wa Ireland. Alilelewa Dublin na jamaa za baba yake. Na alipokuwa shuleni jicho lake la kushoto liliumizwa mchezoni likapofuka. Mwaka 1869 akaenda Marekani, akawa mwandishi wa magazeti. Huko nako alipenda maneno na vyakula vya watu ambao wenzake hawakuwajali, na mwaka 1885 alitoa kitabu cha mapishi ya Wakrioli wa New Orleans, na kingine cha mithali zao. Mwezi wa Aprili 1890 akafika Yokohama, asirudi tena kwao hata alipokufa Tokyo mwaka 1904. Alifundisha Matsue, kisha Kumamoto, na baadaye katika chuo kikuu cha Tokyo. Akamwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai, ndio wapiganaji waungwana wa zamani, uliokuwa umefukarika. Na mwaka 1896 akawa raia wa Japani, jina lake Koizumi Yakumo.

Kitabu chake cha kwanza juu ya nchi ile, Glimpses of Unfamiliar Japan, kilitoka mwaka 1894, nacho ndicho tukipendacho kuliko vyote vya namna yake. Asomaye habari za asubuhi ya Matsue hawezi kuzisahau. Kwanza kabisa, kabla ya mapambazuko, husikika mshindo wa kutwanga mchele. Kinu chao si kama chetu kishikwacho mchi kwa mikono. Mchi umefungwa kwenye mti mrefu uliolazwa, na mtwangaji akanyaga upande mmoja kwa nguvu, mchi ukainuka, akiachilia ukaanguka kwa uzito wake. Na mshindo ule wapita ardhini hata katika mto alalio mtu. Kisha kengele ya hekalu. Kisha wachuuzi wakinadi figili na vijiti vya kuwashia moto. Kisha makofi ya watu walisalimuo jua. Na mwisho, darajani, mlio wa viatu vyao vya miti, ambavyo mtu wa pwani angeviita mitalawanda bila kusita. Hapa Hearn hafafanui neno. Asikia tu, akaandika alichosikia kwa kufuatana kwake. Mtu mwenye jicho moja, na hilo lenyewe dhaifu, alikuwa na sikio la ajabu.

Kadhalika habari za pango la Kaka, penye bahari, ambapo watu husema roho za watoto waliokufa hujenga minara midogo ya mawe usiku. Viatu vidogo vya majani vimewekwa pale, ili miguu ya watoto isiumizwe na mawe. Mgeni aingiaye hutembea kwa hofu asije akaangusha mnara. Nasi tulipoisoma habari hii hatukuona ya kuicheka, wala yeye hakucheka.

Katika kitabu kile kile mna mlango uliotungwa kama kumbukumbu za kila siku za mwalimu wa Kiingereza, na kila mwalimu angefanya vema kuusoma. Mna habari ya mwanafunzi Yokogi, aliyekuwa mahututi akatamani kuiona shule yake mara moja tena, na mtumishi mzee akambeba mgongoni usiku, katika baridi, mpaka alipoona dirisha la darasa. Hii ni kweli iliyoandikwa vizuri. Lakini katika mlango huo huo ndipo linapoanza kosa lake. Aliwapa wanafunzi maneno ya kutungia insha, akaona insha zao zafanana mno kwa mawazo na kwa mifano, naye akahukumu kwamba mawazo yao yalikwisha kutengenezwa tangu karne nyingi na wahenga wao, na kwamba nafsi ya kila mmoja haionekani. Loo! Ni mwalimu gani asiyejua jambo hili? Mtoto akiandika katika lugha ya kigeni huandika lile alilo na maneno yake, si lile alilo nalo moyoni. Tena huandika lile analodhani mwalimu alitaka. Laiti Hearn angaliwaambia waandike kwa Kijapani, akapata mtu wa kumsomea, huenda angaliona nafsi ishirini katika insha ishirini.

Na hapa twafika kwenye neno kubwa, yaani lugha. Sauti za Kijapani si ngumu kwa mtu wa Kiswahili: irabu ni tano, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Ugumu u katika maandishi yao yatokayo Uchina, na katika maneno ya heshima, maana tendo moja hubadilika kwa kadiri ya cheo cha msemaji na cha asemwaye. Hearn alijua alama za silabi, hata akamwandikia mkewe barua kwa alama hizo. Lakini kitabu cha Kijapani hakuweza kukisoma peke yake. Nyumbani walisema lugha yao wenyewe, iliyoitwa lugha ya Herun, kwa maana ndivyo Wajapani walivyolitamka jina lake. Maneno yalikuwa ya Kijapani, ila viungo vidogo vifuatavyo majina viliachwa, na matendo hayakubadilishwa inavyopasa. Kama kwetu mtu akisema "mtu ile kuja jana," akaacha ngeli na nyakati zote. Basil Hall Chamberlain, aliyefika Japani mwaka 1873 na kuifasiri Kojiki, kitabu chao cha kale, mwaka 1882, alikijua Kijapani barabara. Hata hivyo asomaye Chamberlain apata elimu, wala hasikii mlio wa mitalawanda.

Imekuwaje basi mtu asiyeweza kusoma akaandika Kwaidan, kitabu cha hadithi za kutisha cha mwaka 1904, ambacho Wajapani wenyewe wamekipokea kuwa chao? Jibu ni Setsu. Mwenyewe alisimulia habari hii katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1914. Alizunguka madukani akitafuta vitabu vya kale, akavisoma, kisha usiku, taa imepunguzwa, akamhadithia mumewe. Wala hakuruhusiwa kushika kitabu. Mumewe alimtaka aseme kwa maneno yake mwenyewe na fikira zake mwenyewe. Na lilipotokea neno la kumshtua, alimwomba alirudie, tena na tena, kwa sauti ile ile, akiuliza lilisemwaje, na usiku ulikuwa namna gani.

Katika hadithi ya Hoichi, kipofu mpiga kinanda aliyeitwa na wafu, mpiganaji aliyemwongoza afika naye langoni na kuita wafunguliwe. Setsu aeleza kwamba maneno ya kawaida, "mon wo ake," yalionekana hayana nguvu vinywani mwa watu wa vita, wakafikiri sana, mwisho wakachagua "kaimon." Maana ni moja: fungua lango. Ila la pili limetoka katika Kichina, nalo lina uzito wa amri, kama vile mtu wa kwetu aachavyo neno la Kibantu akatwaa la Kiarabu akitaka hukumu isikike. Msomaji na alitazame jambo hili vizuri. Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa na mtu asiyejua lugha. Imefanywa na wawili, na mmoja wao ndiye aliyeijua. Tena jioni moja, Hearn alipokuwa akiiandika hadithi hiyo, Setsu aliita kutoka chumba cha pili, "Hoichi, Hoichi," naye akajibu gizani kama yule kipofu, akiuliza ni nani aitaye.

Twakiri kwamba sisi wenyewe hatukufanya hivyo. Tulipoandika hadithi za wazee wa kwetu, tulimkatiza msimulizi kila alipotoa neno geni, ili tuandike maana yake pembeni, na tulipomaliza tulikuwa na maneno mengi na hadithi imekufa.

Kitabu chake kikubwa cha mwisho, alichokiita jaribio la kuieleza Japani, kilitoka mwaka ule ule wa 1904, nacho hatukipendi. Mwanzoni akiri kwamba kadiri alivyokaa ndivyo alivyoona hajui. Lakini baada ya kukiri, aeleza kila kitu, nyumba, ndoa, vita na serikali, kwa sababu moja, yaani ibada ya wahenga, akifuata nadharia za Herbert Spencer wa Uingereza. Humo hakuna mchuuzi wala mtwangaji. Na maneno yake juu ya Wajesuiti wa zamani, na juu ya wamisionari kwa jumla, ni makali. Mengine twayakubali, maana wako waliovunja desturi wasizozielewa, lakini katika kuwahukumu hakutumia sikio lile alilolitumia Matsue. Alikuwa akilia Japani ya kale iliyokuwa ikipita, na mtu aliaye hasikii vizuri.

Limebaki jambo moja dhidi yake. Katika dibaji ya Kwaidan ataja vitabu vya kale alivyotumia, na hadithi ya mwanamke wa theluji asema alihadithiwa na mkulima wa Chofu, katika Musashi. Hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini Setsu hatajwi. Kwa faragha alijua deni lake; Setsu asimulia kwamba siku moja alipojuta kwa kukosa elimu, mumewe alimpeleka mbele ya kabati la vitabu, akamwuliza ni kwa ajili ya nani vilipata kuandikwa. Ni neno zuri, ila lilisemwa nyumbani, na dibaji ilikwenda duniani pote. Setsu aliishi mpaka mwaka 1932. Kumbukumbu zake ni fupi na hazina madaha, nazo zilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1918. Mwalimu atakayepata vitabu vyote viwili na aanze na hicho cha mke, ndipo akifungue cha mume.