Mama Mkwe Atalala Wapi? Kuisoma Upya Bembea ya Maisha

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umeandika au kusahihisha jibu hili mara nyingi: Bunju ni bahili na mtumwa wa mila, Neema ni mwenye utu, Asna ni msichana wa kisasa asiyetaka ndoa. Hoja, mfano, alama. Sisemi kwamba jibu hilo ni kosa. Nasema linatufanya tuipite mbio sehemu yenye uzito mkubwa katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia ambayo shule zetu zimeisoma tangu ilipochukua nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea. Sehemu hiyo imebebwa na swali dogo la nyumbani: Sara akija mjini kutibiwa, atalala wapi?

Tukumbuke hali ilivyo. Sara na mumewe Yona ni wazee wa kijijini, na Sara anaugua. Wana mabinti watatu, Neema, Asna na Salome, wala hawana mtoto wa kiume. Neema anaishi mjini na mumewe Bunju na mtoto wao Lemi. Yeye ndiye anayehangaikia matibabu ya mamake. Lakini nyumba ya Neema ni ya Bunju pia, na kwa mila anayoishikilia Bunju, mama mkwe halali kwa mkwewe. Sara anaishia kwa Asna.

Wanafunzi wengi hufunga kitabu hapo na kuandika "mgongano wa mila na usasa". Hebu turudi kijijini kwanza. Sara na Yona walisimangwa kwa kukawia kupata watoto. Walipowapata, wakasimangwa tena kwa kuwa wote ni wa kike. Yona akazama katika ulevi na kipigo kikamfikia Sara. Katika madaftari ya wanafunzi wangu masimango haya huwekwa chini ya "taasubi ya kiume", nayo mila ya mkwe huwekwa kurasa mbili mbele, chini ya "utamaduni". Kwa maoni yangu ni jambo moja lililokatwa vipande viwili. Kijiji kilimtaka mtoto wa kiume kwa sababu mzazi alitarajiwa kuzeekea kando ya mwanawe wa kiume. Binti ni wa kwenda kwa watu, na huko kwa watu mamake ni mgeni wa kuja mchana na kuondoka kabla ya jua kutua. Kwa hiyo Bunju anapoukataa usiku wa Sara, anakamilisha kwa adabu simango ambalo kijiji kililianza kwa matusi.

Tazama sasa kinaya chake. Neema ana uwezo, ila mlango si wake peke yake. Asna, ambaye makao yake hayalingani na ya dadake, ana mlango ulio wazi. Uko wazi kwa nini? Kwa sababu hana mume! Msimamo wake kuhusu ndoa, ule tunaouorodhesha kama dalili ya usasa na hata upotovu, ndio unaompatia mamake pa kulaza ubavu. Sijui kama Arege alikusudia hivyo. Matini yanaruhusu, na mtahiniwa atakayelisema hilo kwa ushahidi hatanyimwa alama nami.

Sisi tunaofundisha Eldoret hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokea wagonjwa kutoka Bungoma, Kakamega, Turkana, Pokot na kwingineko, na mzee mwenye kliniki ya asubuhi hulazimika kulala mjini usiku wa kuamkia siku hiyo. Miongoni mwa Waluhya na Wajaluo, mwiko wa mkwe na mama mkwe kulala chini ya paa moja unajulikana sana. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, mkazi wa Langas, huomba chumba kwa jirani kila mamake anapokuja kliniki. Jioni hupika, husimamia kazi za shule za watoto wake, kisha huvuka ua na bakuli la uji na dawa za mama. Mumewe si mtu mbaya. Ndiye hubeba godoro.

Ndiyo maana nawasihi tusimhukumu Bunju upesi. Neema anavutwa huku na Lemi, huku na Sara, na shilingi anayoitafuta kwa ajili ya mmoja inamkosa mwingine. Hata mipango ya nchi haikumwazia mtu wa aina yake. Bima ya zamani, NHIF, ilimhudumia mchangiaji, mwenzi wake na watoto wao. Mzazi alihitaji kadi yake mwenyewe. SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, nayo inamtaka mzazi ajisajili kivyake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali. Hakisemi ni mtoto yupi, wala katika nyumba ya nani. Pengo hilo ndilo Bunju na Neema wanalogombania sebuleni, kila mmoja akiwa na hoja.

Waliofundisha Mstahiki Meya ya mwandishi huyuhuyu watakumbuka kwamba huko ugonjwa ulikuwa shauri la Baraza: dawa hamna, na Daktari Siki analalamika. Katika Bembea ya Maisha ugonjwa umehama ofisini ukaingia chumba cha kulala. Wapo wanaoona kwamba mwandishi amepunguza makali yake ya kisiasa. Sikubaliani nao. Kumlaumu Meya ni rahisi kuliko kumwambia mumeo kwamba mama analala hapa leo.

Nilipowaomba wanafunzi wa kidato cha nne wachore ramani ya nyumba ya Neema na waonyeshe Sara angelala wapi, darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Mvulana mmoja akauliza: na kama Sara mwenyewe haoni vyema kulala kwa mkwewe? Tulirudi kitabuni kipindi kizima. Jaribuni swali hili katika madarasa yenu kabla ya mtihani wa mwigo:

"Mila iliyomsimanga Sara kwa kuzaa mabinti ndiyo iliyomnyima pa kulala." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (Alama 20)