Kubambua Muthiga Pasipo Kuua Mti

Septemba, kabla ya mvua za vuli, vumbi la Mbeere huingia penye tundu lolote, na pua huziba kuanzia Siakago hadi Embu mjini. Huko Meru, baridi ya Julai na ukungu wa Mlima Kenya huleta adha hiyohiyo. Ndipo watu wanapotafuta magome ya mti wa muthiga sokoni.

Gome hutafunwa, mate yakamezwa; au husagwa, unga wake ukanuswa kama tumbaku. Ukali wake haubaki ulimini. Hupanda nyuma ya koo, machozi yakatoka, na mtu akahisi pumzi inapita. Ndani yake mna poligodiali, kemikali inayoamsha neva zilezile zinazoamshwa na haradali. Lakini kama kinachoziba pua ni mzio, mzio wenyewe hauondoki. Hata sindano za tiba ya Wachina, akupancha, zinazochomwa pia kando ya matundu ya pua, zilipojaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa 422 wa mzio wa chavua, na matokeo kuchapishwa mwaka 2013, nafuu yake ilionekana wiki ya 8, lakini kufikia wiki ya 16 tofauti haikuwapo tena. Hata hivyo, kwa aliyekesha akipumua kwa mdomo, nafuu ya muda si kitu kidogo.

Ninayemstahi zaidi ni mbambuaji. Anayeijua kazi hazungushi panga kwenye shina. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Ukilikata mduara mzima, mizizi hufa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Yeye huchagua upande mmoja, akachora utepe mwembamba unaofuata urefu wa shina, kisha akauinua polepole kwa ncha ya panga asije akatia jeraha kwenye mbao. Mti mchanga haugusi. Uliobambuliwa msimu uliopita huupita, hata kama mnunuzi anamngoja na pesa mkononi. Kujizuia huko ndiko ufundi wenyewe, na huchukua miaka kuukomaza.

Mti wa mwiria, ambao magome yake yalipelekwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume, ulikosa mikono ya namna hiyo. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayebanwa kifua, si pua tu, mpeleke hospitali. Na ukinunua muthiga, muulize muuzaji ulibambuliwaje. Mwenye shamba, panda mche: hata majani yake ni makali.