Fundi wa Visu Aandike Mwaka ao Nimero?

Huku kwetu Sakania, kisu cha kufuliwa kwa mikono, mara nyingi kwa chuma cha resori ya kamyo, kinatoka kwa fundi bila jina, bila mwaka, bila nimero. Wengine wanaona ni vizuri hivyo. Wengine wanataka fundi aandike nimero sawa vile viwanda vinafanya. Mimi naona tutenganishe: mwaka ni jambo moja, nimero ni lingine.

Tuangalie kwanza hasara ya kunyamaza. Misalaba ya shaba ya Katanga, iliyokuwa feza ya babu zetu, haina jina la mtu. Makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yalipochimbuliwa tangu 1957, wataalamu walipaswa kupima ukubwa wa misalaba ili kujua ipi ilitangulia. Tena kuko yule mchongaji mkubwa wa upande wa Waluba na Wahemba. Mbelgiji Frans Olbrechts alitambua mkono wake kwa kulinganisha sanamu tu, naye akajulikana kama Bwana wa Buli, jina la kijiji. Ni baadaye watafiti walileta jina Ngongo ya Chintu. Sanamu zake ziko Ulaya, na nimero ya mize juu yake. Lakini nimero ile ni ya mwenye kabati, si ya mwenye mkono.

Wachoraji wa Lubumbashi walielewa mbele. Pilipili Mulongoy, wa Hangar ya Pierre Romain-Desfossés iliyoanza 1946, na Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi katika 1973 na 1974, waliandika majina yao juu ya kazi. Juu ya nini fundi wa chuma abaki nyuma?

Wazee wanajibu: kisu ni cha kukatia nyama, si cha kuangalia, na kijiji kizima kinajua mkono wa fundi. Ni kweli, kama kisu kinabaki kijijini. Lakini kikipanda kamyo pale Kasumbalesa, huko kinakofika nani atamjua? Hata kijijini, wajukuu watasahau. Wengine wanaogopa mnunuzi ataona mwaka wa nyuma na kukataa. Kisu si mkate. Chuma kizuri hakiozi kwa kalenda. Tena kuko wachuuzi wanaopaka kitu kipya matope na moshi, wakakiuza kama cha babu. Mwaka uliogongwa juu ya chuma unawaumbua.

Kwa nimero nasema hapana. Visu vya mkono havifanani kimoja na kingine. Nimero 14 haimsaidii anayekata nyama. Inamsaidia mchuuzi kupandisha bei. Fundi akitaka kuhesabu kazi yake, daftari inatosha.

Basi aandike wapi? Wajapani wanaandika jina la mfuaji wa upanga, na mara nyingi mwaka, juu ya mkia unaoingia ndani ya mpini. Mipini yetu haitoki kirahisi, kwa hiyo tugonge kwa patasi karibu na mpini, mbele ya kuzimisha chuma ndani ya maji: jina, Sakania, mwaka. Asiyejua herufi, sisi walimu tumsaidie, ao aweke alama yake mwenyewe, bora asiibadilishe. Hivyo mwenye mkono naye atajulikana, si mwenye kabati peke yake.