Uso wa Gari Langu

Wanaolitazama gari la umeme husifu kwanza uso wake. Hauna wavu mpana wa rejeta kama wa magari ya petroli, kwa kuwa mota yake haitoi joto jingi kama injini. Na kadiri uso ulivyo laini, ndivyo gari linavyopasua upepo kwa urahisi na chaji kudumu. Mimi nami nilivutwa na uso huo niliponunua langu, lililokwisha tumika, hapa California. Kibao cha namba cha mbele nilikikuta ndani ya buti, kimeviringishwa gazeti. Mwenye gari wa kwanza hakutaka kuuharibu uzuri.

Sheria ya California inataka vibao viwili, mbele na nyuma. Si kila jimbo la Marekani lina sharti hilo: Florida haina, na Ohio ililifuta mwaka 2020. Jirani zangu huendesha miaka bila kibao cha mbele, na wakisimamishwa na polisi husimulia kama kichekesho. Mimi, mgeni mwenye lafudhi ya Tanga, sitaki kueleza maisha yangu kando ya barabara kwa ajili ya skrubu mbili. Basi nikatafuta cha kushikizia kibao.

Nilianza na kishikizo cha gundi. Ni rahisi, na hakitoboi bampa. Lakini gundi yataka bampa safi, kavu na yenye vuguvugu, kisha iachwe itulie. Mimi nilikibandika asubuhi ya baridi, juu ya vumbi, na kesho yake nikaosha gari. Kibao kilidondoka barabara kuu. Usiku ule sikulala vizuri, nikiwaza ni nani atakayekiokota na kukifunga kwenye gari lake.

Kuna kishikizo kinachopachikwa kwenye uwazi wa chini ya bampa. Hukaa katikati, na kwa macho ndicho kizuri kuliko vyote. Kasoro yake ni kwamba uwazi ule ndimo inamopita hewa ya kupoza betri, na kibao huziba sehemu yake. Kutoboa bampa nako ni kazi ya kudumu: tundu halizibiki, na nyuma ya plastiki ile huenda mna waya na vitambuzi vya umbali.

Mwishowe nilichagua cha chuma kinachoskrubiwa kwenye tundu la ndoano ya kuvutia gari. Hakitoboi kitu, wala hakidondoki. Kibao hukaa upande, gari likaonekana kama mtu aliyevaa kofia kombo. Na siku likikwama, sharti nikifungue kwanza kabla ya kuvutwa. Nimeyakubali hayo.

Lawama yangu kubwa ni kwa wauzaji. Karibu kila tangazo nililosoma lilisifu jinsi kishikizo kinavyong'oka kwa dakika moja, gari lipate kupigwa picha. Ni machache yaliyosema kama kibao kitasomeka kutoka mbali, au kama kitakuwapo bado baada ya mvua za mwaka mmoja. Kishikizo kinachosifiwa kwa wepesi wa kuachia kimesifiwa kwa kosa lake.

Wazee walisema uso umeumbwa na haya. Uso wa gari langu sasa una kovu la chuma upande mmoja, lakini unasema jina lake kwa kila anayekutana nao.