Farasi Asiye na Bendera

Wenye kuwaandikia watoto habari za vita hupenda kumweka mnyama karibu na kijana, na mara nyingi kazi ya mnyama huyo ni kuliliwa tu. Michael Morpurgo, katika War Horse kilichotoka mwaka 1982, amefanya la zaidi: amemwachia farasi mwenyewe, Joey, asimulie Vita Kuu ya Kwanza. Farasi hajui mfalme wala kaisari. Anajua mkono unaomlisha na mkono unaomchapa. Kwa hiyo anapotoka kwa Waingereza akaangukia kwa Wajerumani, mtoto anayesoma huvuka naye bila kuambiwa amchukie mtu. Pale askari wa Wales na askari wa Kijerumani wanaporusha sarafu, katikati ya mahandaki, kuamua nani amchukue, mwandishi hahubiri. Nidhamu hiyo niliwasisitizia sana wanachuo wangu, maana sisi walimu tukishika kalamu huhubiri kabla ya kusimulia.

Ninachonung'unikia ni mwisho. Albert, kijana aliyemlea Joey huko Devon, anampata tena. Mtoto hufurahi, nami simnyimi furaha yake. Lakini uzito wa kitabu umo kwa Topthorn, farasi mwenziwe Joey, aliyekokota mizinga hadi moyo ukamshinda. Na kwa Emilie, binti wa Kifaransa, ambaye kifo chake twakisikia kwa maneno machache ya babu yake, baada ya mnada alioshindana na mchinjaji. Babu anamwuza Joey kwa Albert kwa peni moja, kwa sharti kwamba habari za Emilie zisimuliwe. Kwangu mimi, kitabu kingeishia hapo.

Vita hiyo hiyo ilipiganwa kwetu pia. Mwaka 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na farasi kwa maelfu, na mbung'o wakawamaliza. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu, na wakafa makumi ya maelfu kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao cha wachukuzi limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, ambako watoto wetu hutumwa nyanya na vitunguu. Mchukuzi mmoja kijana wa wakati ule ningependa kumsoma, asimulie kama Joey asimuliavyo: nani alimlisha, nani alimchapa, na mzigo ulikuwa wa nani.