Kazi ya Sekunde 45

Mshambuliaji wa hoki ya barafuni hachezi dakika 60. Mechi ndiyo ya dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, lakini yeye huruka ukuta wa benchi, akatumia nguvu zote alizo nazo kwa sekunde 45 hivi, kisha akarudi kuketi akihema. Baada ya muda mfupi huitwa tena. Akizidisha zamu yake kwa tamaa ya bao, miguu humwishia akiwa mbali na benchi, na wenzake ndio wanaolipa deni hilo.

Nimekuja kuihusudu kazi hii nikiwa mahali pasipoifaa hata kidogo. Kangari, huku juu Murang'a kwenye miteremko ya Aberdare, baridi ya Julai huingia mpaka mifupani, lakini maji hayagandi kiasi cha kubeba hata kuku. Barafu yetu iko mbali, kwenye vilele vya Mlima Kenya. Huko, chini ya barafu ya Lewis, kuna kidimbwi kinachoitwa Curling Pond, jina lililotokana na mchezo wa Waskoti wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Ila Lewis yenyewe imesinyaa mno tangu ilipopimwa mwaka 1934, na anayetaka kuteleza leo hupanda matatu kwenda Nairobi kupitia Thika, hadi hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa. Ndani ya jengo hilo uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, kijana wa miaka 18 kutoka Cole Harbour, Nova Scotia, alianza kazi ya kulipwa katika timu ya Pittsburgh Penguins. Sidney Crosby alimaliza msimu wake wa kwanza akiwa na mabao 39 na pasi za mabao 63. Kanada husimulia kisa cha mashine ya kukaushia nguo ya wazazi wake. Utotoni alikuwa akipiga mikwaju katika chumba cha chini cha nyumba, na mashine hiyo ikawa nyuma ya goli. Ilibondeka, ikajaa alama nyeusi za mpira, na baadaye ikawekwa katika jumba la kumbukumbu za michezo mjini Halifax. Watu huitazama wakaona kipaji. Mimi naona kwamba alama nyingi zilizo pale ni za mikwaju iliyokosa goli. Iliyoingia haikuacha alama yoyote.

Ufundi wenyewe huanzia miguuni. Chuma cha kiatu cha kutelezea kina unene wa milimita 3 hivi, na hunolewa kwa kuchimbwa mfereji mwembamba katikati, hivyo kila mguu una makali mawili, la ndani na la nje. Mshambuliaji huishi akihama kutoka kali moja hadi jingine. Anayeanza husukuma mbele tu, kama mtu anayekimbia. Fundi hulala upande, akaegemea kali moja mpaka unadhani ataanguka, na kule kulala ndiko kunakompa kona ambayo beki hakuitarajia. Crosby ana mtindo wa kugeuza nyayo, visigino vikitazamana na vidole vikielekea nje pande mbili, ili ateleze kwa ubavu huku kifua kikiukabili uwanja. Beki anayemfuata hawezi kujua atatokea upande gani, kwa sababu mwili hauna mbele wala nyuma.

Kisha mikono. Kinachochezewa si mpira wa duara. Ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 na unene wa sentimita 2.5, ambacho hugandishwa kabla ya mechi kisije kikadundadunda. Mshambuliaji akiinamisha kichwa kukitazama, atakutana na bega la beki na huenda asiamke upesi. Sharti akisikie kupitia gongo. Hapa ndipo Kangari iliponisaidia kuelewa. Mama anayechuna chai, kikapu mgongoni, huchagua majani mawili na chipukizi kwa ncha za vidole huku macho yakiwa yamekwisha kwenda kwenye kichaka kinachofuata, na mdomo ukiendelea na habari za harusi ya jana. Ukimwuliza vidole vimejuaje, atakucheka.

Watu hudhani kazi ya mshambuliaji ni kufunga. Kazi yake kubwa ni kufika mahali pasipo na mtu, akiwa amekwisha kujiandaa, sekunde moja kabla ya mahali hapo kuwa na maana. Tena kuna mstari wa buluu: akiuvuka kabla ya kisahani, ameotea. Kwa hiyo utamwona akija kwa kasi kubwa kisha, hatua moja kabla ya mstari, akiburuza mguu wa nyuma juu yake kama mwenye shaka, akimsubiri mwenye kisahani avuke. Kwangu kituo hicho kifupi ni kizuri kuliko mabao mengi. Kinahitaji adabu ambayo vijana wachache wanayo wakiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa.

Hata chombo chake kina uamuzi ndani yake. Wachezaji wengi hutaka ubapa wa gongo uliopinda, kwa kuwa mkunjo huo huinua kisahani kwa urahisi. Crosby hutumia ubapa ulio karibu kunyooka. Anapoteza kidogo upande wa mbele, lakini upande wa nyuma wa gongo, ambao kwa wengine ni wa kuokolea tu, kwake ni silaha kamili. Ameamua kuwa hatari pande zote mbili badala ya kuwa hatari sana upande mmoja. Nampa heko kwa hilo kuliko kwa mataji.

Kijana mmoja wa bodaboda, tukisubiri mvua ipungue kwenye kibaraza cha duka, alitazama video kwenye simu yangu, akauliza, "Mzee, na hawa wetu wanalipwa?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa wanafanya ya nini?"

Swali lake ni la haki. Wetu ni Ice Lions, vijana ambao wengi wao walianza kwa viatu vya magurudumu kwenye lami ya Nairobi kabla ya kuonja barafu ya Panari, uwanja ulio mdogo kuliko ule wa ligi ya NHL wa futi 200 kwa 85. Kwa miaka mingi hawakuwa na timu nyingine nchini ya kupambana nayo. Walijigawa wakachezana wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya mikahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada, wakavishwa vifaa kamili na kucheza mechi, na walioingia barafuni kuwa wenzao wa timu walikuwa Crosby na mchezaji mwingine wa NHL, Nathan MacKinnon. Azegere, Benard Azegere, ndiye aliyekuwa nahodha wao.

Hoki si ngeni kwetu, ingawa tulizoea ya uwanjani: mwaka 1971 Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia mjini Barcelona, ikiongozwa na Avtar Singh Sohal. Na kwenye barafu, Johnny Oduya, Msweden ambaye baba yake ni Mkenya, alitwaa Kombe la Stanley na Chicago mara mbili, 2013 na 2015. Alikuwa beki, na sitamgeuza mshambuliaji kwa ajili ya insha hii.

Hata huko wanakolipwa, kazi yenyewe ni tete. Timu ya NHL huvalisha washambuliaji 12 tu kwa mechi, na kijana wa kumi na tatu huenda akarudishwa ligi ya chini akiwa na begi lake na magongo yake. Crosby mwenyewe, akiwa na miaka 23, aliumia kichwa mwanzoni mwa Januari 2011 na hakurudi mpaka Novemba 21. Usiku huo alifunga mawili na kutoa pasi mbili za mabao.

Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Uanachama haumlipi winga mshahara, na sikumdanganya yule kijana wa bodaboda. Unachofungua ni mlango wa kukutana na wageni. Mshambuliaji aliyekulia kwenye uwanja mdogo, akikabwa na marafiki zake wanaojua kila hila yake, mikono yake tayari ni myepesi. Sasa anahitaji mabeki wasiomjua, wasiompenda, na futi nyingi zaidi za barafu mbele yake.